Mtungi Kitandani kwa Mánus

Baba mkwe wangu, Mánus, alikuwa na miaka themanini na moja, na tangu alipopata akili hakuwahi kuonja maziwa ndani ya Kwaresima. Wala siagi, wala yai, wala nyama. Watu wengi wa bonde letu walikuwa wameshalegeza. Walifunga kwa ukali Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, siku nyingine wakatia maziwa kwenye chai kama kawaida, na Kanisa halikuwakataza. Mánus hakuwahukumu. Alisema tu, "Kila mtu na mlango wake wa kuingilia." Mlango wake yeye ulikuwa mwembamba. Siku zile arobaini alikula viazi, samaki wa chumvi, na uji wa makapi.

Uji huo wazee wanauita sowans. Unataka makapi ya oti, yale anayokurudishia mwenye kinu baada ya kupepeta, yakiwa bado yameshika unga kidogo kwa ndani. Unayaloweka kwenye mtungi kwa maji ya vuguvugu na kuyaacha siku tano au sita mpaka yachachuke na mtungi uanze kusema, yaani kutoa vipovu. Unachuja, unaacha maji meupe yatulie hadi unga wake ushuke chini, na unga huo ndio unaoupika. Yale maji ya juu tunayatia kwenye chai wakati wa mfungo. Tunayaita maziwa ya fahali, kwa sababu ng'ombe jike hana habari nayo.

Kila unapochuja unabakiza kikombe kimoja chini ya mtungi. Kikombe hicho ndicho kinachoyaamsha makapi mapya. Mtungi wangu niliupokea kwa mama mkwe wiki niliyoolewa na Feilimí, marehemu mume wangu, naye aliupokea kwa mama mkwe wake, na katika miaka yote hiyo haukuguswa na maji ya moto. Unausuuza kwa maji baridi, basi. Ndani ulikuwa umevaa utando kama ukungu wa dirishani. Mgeni akiunusa hudhani ni uchafu.

Gormla alikuwa mgeni. Aliolewa na mwanangu Eoghan mwezi wa kumi na moja, na Februari Eoghan akavuka kwenda Uskochi kutafuta kazi ya mashamba, kwa hiyo nyumbani tulibaki watatu: mzee, mimi na yeye. Ni binti wa mwenye duka mjini. Mikono yake haijui kukaa bure. Alhamisi kabla ya Jumapili ya Matawi nilikwenda kupiga deki kanisani pamoja na wanawake wenzangu, na niliporudi nikaukuta mtungi umeinamishwa ukutani, juani, unang'aa kama sahani ya harusi.

"Nimekupunguzia kazi, Mama," Gormla akasema. "Nimeusugua kwa maji ya kuchemka na magadi. Ulikuwa unanuka. Hata chini kulikuwa na kitu kama matapishi ya paka."

"Hicho kitu umekimwaga wapi?"

"Nimempa nguruwe."

Nikakaa kwenye kiti. Nguruwe wetu alikuwa amekunywa chachu ya wanawake watatu, na alikuwa amelala zizini bila dalili ya shukrani. Sikumgombeza Gormla. Alianza kukunja na kukunjua aproni yake, akauliza amefanya nini. Nikamweleza. Akasema tuombe kikombe kwa jirani. Nikamwambia hakuna jirani mwenye nacho. Mimi ndiye niliyebaki.

Nikaloweka makapi mapya jioni ile ile bila chachu, nikauweka mtungi pembeni mwa moto, nikausomea Salamu Maria tatu. Lakini kiangazi kilichotangulia kilikuwa mvua tupu. Mabonge ya udongo wa kinamasi tunayochoma hayakukauka vizuri. Yalitoa moshi mwingi na joto kidogo. Ukiusogeza mtungi karibu, upande mmoja unaungua. Ukiuondoa, unapoa kama kaburi. Na theluji ilikuwa bado imekaa juu ya mlima Mucais mwisho wa Machi.

Jambo hilo lingekuwa la kucheka tu kama Mánus angekuwa mzima. Hakuwa mzima. Wiki mbili kabla alikuwa ametembea kwenda Misa kwenye mvua ya mawe, akarudi na kikohozi, na kikohozi kikawa homa ya mapafu. Viazi havikupita. Samaki hakupita. Kilichopita na kukaa tumboni ni uji wa makapi, kijiko kwa kijiko, na bakuli la mwisho, la uji niliokuwa nimeshaupika kabla mtungi haujasuguliwa, alilimaliza Jumapili ya Matawi. Baada ya hapo akawa anakunywa maji na chai nyeusi.

Daktari alikuja Jumatatu. Akamsikiliza kifua, akanivuta jikoni. "Maziwa na mayai mabichi, kila baada ya saa mbili. La sivyo, Pasaka mtaila bila yeye."

Nikampelekea kikombe cha maziwa. Mánus akakitazama, akageuzia uso ukutani.

Padri alikuja jioni, akampaka mafuta, akakaa ukingoni mwa kitanda. Ni mtu mpole. "Mzee Mánus, mgonjwa hafungwi na mfungo. Hiyo ndiyo sheria ya Kanisa, siyo mimi. Kunywa maziwa."

"Padri, wewe umezaliwa mwaka gani?"

"Elfu moja mia nane tisini na tano."

"Mwaka huo mimi nilikuwa nimeshafunga Kwaresima zaidi ya arobaini. Nakuheshimu. Lakini usinifundishe kukaa kwenye kiti nilichokichonga."

Padri akacheka, kisha akaona mzee hacheki. Mánus akapumua kwa shida, akasema maneno ambayo mimi, miaka thelathini ndani ya nyumba ile, sikuwahi kuyasikia. "Nilizaliwa msimu viazi vilipooza. Mama yangu hakuwa na maziwa kifuani, na ng'ombe alikuwa ameshauzwa. Alikwenda kinuni akaokota makapi sakafuni. Wenzangu tisa waliozaliwa mwaka huo hapa bondeni hawakutembea. Mimi nilitembea. Basi siku arobaini kila mwaka nakula alichonilisha, na sitaki kingine. Nilimwambia Mungu hivyo nikiwa mtoto wa miaka saba. Nimwambie nini sasa, kwamba nilikuwa natania?"

Padri alimbariki, na mlangoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Mpe chochote atakachokubali, Nábla. Na usali."

Jumanne asubuhi niliufunua mtungi. Nikachovya kidole, nikaonja. Maji matamu-matamu, baridi, kama maji uliyooshea nafaka. Siku tano, na hakuna kilichoamka. Gormla alikuwa nyuma yangu. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mama," akasema, "nisikilize usinikatize. Chukua unga wa oti, uupike kwa maziwa, uchuje. Tia siki kidogo. Uji ule ni mweupe, na huu utakuwa mweupe. Ulimi wake umekufa kwa homa. Nani atajua?"

"Wewe utajua, na mimi nitajua."

"Basi tutajua. Mimi ndiye niliyeumwaga mtungi. Dhambi niiweke kwangu."

"Dhambi siyo koti, mwanangu, haipokezanwi."

Nilisema hivyo, lakini mkono wangu ulishafika kwenye jagi. Siandiki hapa ili nionekane mwema. Nilitia maziwa chunguni, nikaweka chungu motoni, nikamwambia Gormla alete unga. Nilijiambia kwamba Feilimí wangu alikufa mikononi mwangu bila mimi kuweza kufanya lolote, na kwamba baba yake sitamwacha afe kwa ajili ya kijiko cha maziwa. Mungu akiuliza, nitajibu. Maziwa yakaanza kutoa mvuke.

Mánus akaniita kutoka chumbani. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi.

Nikaenda. Nikaweka kiganja juu ya paji la uso wake, nikakiondoa haraka, kwa maana aliungua kama jiwe la mekoni. Yeye akakishika, akakirudisha.

"Mkono wako umetoka mtungini," akasema. "Naujua ubaridi wake. Umeanza kusema?"

"Bado, Baba."

"Umelowekwa lini?"

"Alhamisi."

"Na kimya?"

"Kimya. Una baridi. Moto hautoshi."

Akafumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, "Mimi naungua humu, na mtungi unakufa kwa baridi jikoni. Tunakaa vyumba viwili vya nini? Ulete."

Nikarudi jikoni, nikauondoa mtungi pale ulipokuwa, nikautingisha kidogo, nikaufunga mdomo kwa kitambaa cha kitani na kamba. Gormla alikuwa anakoroga maziwa. Nikamwambia ampelekee ndama.

"Ndama?"

"Ndama hafungi."

Tukaufunika mtungi blanketi la sufu, tukamlaza Mánus kwa ubavu, tukauweka kifuani kwake. Ni mtungi wa kadiri, kama mtoto wa mwaka mmoja. Akauzungushia mkono, akavuta pumzi kwa sababu ya ule ubaridi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili nikaona uso wake umetulia. Ubaridi wa mtungi ulimpa nafuu, na joto lake likaanza kuingia kwenye mtungi. Sikuliwaza hilo kabla. Nililiona tu lilipokuwa linatendeka, nikafanya ishara ya msalaba.

Jumatano ilikuwa ngumu. Asubuhi mtungi ulikuwa na joto kama yai lililotoka chini ya kuku, lakini ulikuwa kimya. Mánus alikuwa amedhoofika. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, na nilipomwinua anywe maji, alikuwa mwepesi kuliko shuka. Gormla alisema tungempa yale maziwa jana angalau angekuwa na nguvu kidogo leo. Nilishika rozari yangu nikakaa na mzee.

Mchana Síle Mwekundu akaja, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mwenye nywele za rangi ya mbweha na mdomo usiofungwa. Akasimama mlangoni mwa chumba, mikono kiunoni.

"Mánus, nasikia umeoa tena."

Mánus akafungua jicho moja.

"Mnene kidogo," Síle akasema, "lakini wa heshima. Amefunika kichwa."

"Huyu ana sifa moja," Mánus akasema polepole. "Hasemi. Marehemu alikuwa na sifa zote isipokuwa hiyo."

"Na watoto mtapata lini?"

"Akitaka Mungu, Ijumaa."

Síle alicheka mpaka akajifuta macho kwa shali, na alipotoka jikoni hakuwa anacheka tena. Akaniuliza kwa kunong'ona kama nina sanda. Nikamwambia ninayo. Akaniuliza kama mtungi utaamka bila chachu. Nikamwambia sijui. "Mama yangu angejua," akasema. "Tulimzika na yote aliyoyajua." Akaniachia mabonge sita ya udongo makavu, ya akiba yake mwenyewe, akaenda.

Ilikuwa karibu na magharibi, Gormla ndiye aliyekuwa chumbani. Akaniita kwa jina la Mama, siyo kwa kelele, bali kwa sauti ya mtu aliyeona sungura na hataki kumshtua. Nikaingia. Mánus alikuwa ameweka sikio juu ya mtungi, na kidole chake kimeinuliwa tunyamaze.

Nikainama, nikaweka sikio upande wa pili. Nyuso zetu zilikuwa karibu hata nikasikia pumzi yake yenye moto. Ndani ya mtungi kulikuwa na kimya. Kisha, mbali, kama mtu anayefungua mdomo usingizini, kitu kikapasuka: pu. Kimya tena. Pu. Halafu viwili kwa pamoja.

Nimeusikia mtungi ukisema maisha yangu yote. Nilikuwa nausikia nikimenya viazi, nikitia kiraka suruali, wala sikuinua kichwa. Jioni ile nilipiga magoti sakafuni. Gormla alikuwa ameua kila kilichokuwa ndani ya mtungi ule kwa maji ya kuchemka na magadi. Mimi sikutia chachu yoyote. Makapi yalitoka kinuni makavu kama vumbi la barabarani, yakakaa guniani majira yote ya baridi kwenye giza la darini. Sasa kuna aliyekuwa anapumua humo ndani. Ametoka wapi? Alikuwa amekaa ndani ya makapi muda wote huo, kwenye takataka anayotupiwa kuku, akingoja tu mwenzake mwenye joto? Sikusoma zaidi ya darasa la tano. Labda wenye elimu wana jina la jambo hilo. Kwangu lilikuwa kama kusimama mlangoni mwa nyumba ya mtu mkubwa, ukamsikia anatembea ndani.

"Anasema," Mánus akasema. Machozi yalikuwa yanashuka kuelekea sikioni, naye hakuyafuta. "Mke wa Eoghan, njoo usikilize. Ulidhani umemuua."

Gormla akainama, akaweka sikio. Alikaa hivyo muda mrefu sana. Sikumwona akilia hivyo hata siku mumewe alipoondoka.

Alhamisi Kuu mtungi ulikuwa unachemka wenyewe, bila moto. Makapi yalikuwa yamepanda juu kama kifuniko, na harufu ilikuwa ile ile, kali, safi, ya tufaha lililoanguka. Nikaonja, ulimi ukajikunja. Nikachuja kwa chujio la nywele za farasi, nikayakamua makapi kwa mikono mpaka yakabaki mepesi, nikaacha maji yatulie ndani ya beseni. Kikombe cha maziwa ya fahali nikampelekea Mánus kikiwa cha vuguvugu. Akanywa nusu. Tukakaa, Gormla na mimi, tukatazama kama yatarudi. Hayakurudi. Lakini baadaye alianza kuweweseka, akimwita mama yake, akimwambia sakafu ya kinu ina baridi, avae viatu.

Ijumaa Kuu sikwenda kanisani. Ni mara yangu ya kwanza tangu kuolewa. Nilimwaga maji ya juu taratibu, na chini ya beseni unga ulikuwa umelala, mweupe, laini, umejaa kimo cha vidole viwili. Nikautia chunguni na maji na chumvi kidogo. Gormla akashika mwiko.

"Usiache kukoroga," nikamwambia. "Ukiacha, unakuadhibu."

"Mbona ni maji tu?"

"Koroga."

Akakoroga. Ukabaki maji. Mkono wake ukachoka, akabadilisha mkono, uso wake ukaanza kuogopa kwamba ameharibu tena. Halafu, kama ulivyo uji huu, hauombi ruhusa: mwiko ukawa mzito ghafla, na yale maji yakawa kitu kimoja kinachong'aa, kinachovutika, kinachotoa pumzi kubwa za polepole. Gormla akasimama akiutazama, mdomo wazi. Nikamkumbusha mwiko.

Saa sita mchana, wakati kengele za kanisa zimefungwa kwa msiba wa Bwana na bonde lote kimya, tulimpandisha Mánus kwenye mito. Uji ulikuwa umeshikana bakulini, ukiugusa unatetemeka. Maziwa ya fahali pembeni. Alitaka kushika kijiko mwenyewe. Hakuweza. Gormla akamlisha.

Kijiko cha kwanza akakiweka mdomoni, akakaa nacho. Nilihesabu pumzi zake. Akameza. Cha pili. Cha tatu. Kwenye cha nne akaweka mkono wake juu ya mkono wa Gormla akaushusha.

"Hauna chumvi ya kutosha," akasema.

Gormla akaongeza. Akala bakuli zima, kwa muda wa karibu saa moja, akipumzika kati ya vijiko, na hakuna hata kidogo kilichorudi. Jasho likaanza kumtoka, jasho jingi, mpaka nikabadilisha shuka. Nilipomgusa paji la uso lilikuwa na maji na lilikuwa baridi kama la mtu yeyote asiye na homa. Gormla alikuwa ameshakimbilia jikoni kuleta bakuli la pili.

"Leo Ijumaa Kuu, mke wa Eoghan," Mánus akamwambia. "Mlo ni mmoja."

"Babu, hukula tangu Jumapili."

"Na bado ni mmoja. Unataka nimalize miaka sabini na nne kwa ulafi? Kesho saa sita, mfungo ukiisha, mnipikie mayai mawili. Yaive. Sipendi yai linalotiririka."

Akageuka ubavu, akalala. Nilikaa nikamtazama mpaka nikaamini ni usingizi. Kupitia dirishani nilimwona Gormla amesimama uani karibu na zizi la nguruwe, bakuli mkononi, anakula uji ule kwa kidole, amefumba macho.

Jumamosi saa sita nilimpelekea mayai mawili. Alikula moja na nusu.